Kipimo cha Mkono Ulioinuliwa

Wachezaji wa tenisi walimwita shangazi yangu Mama Kwapa, naye akaliitikia jina hilo bila kununa. Mafundi wengine wa nguo za kike huanza na kifua, wakashuka kiunoni, wakamalizia na nyonga. Yeye alianza na kwapa. Mteja akishaingia na kusalimia, kabla hata hajaketi, shangazi alimkabidhi raketi kuukuu isiyo na nyuzi iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango, akamwambia, "Inua mkono, kama unapiga." Mchezaji aliinua, akajinyoosha mpaka kisigino kikaacha sakafu. Shangazi akapiga goti, akaibana futi yake kwenye nyonga ya mteja, akaipandisha mbavuni, kwapani, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kipimo hicho kimoja ndicho kilichovibeba vingine vyote.

"Nguo za madukani zimeshonewa mtu anayesubiri basi," alikuwa akisema, pini amezibana mdomoni. "Wewe husubiri basi. Wewe unaruka."

Kulikuwa na mchezaji mmoja mnene wa sauti, kila akipiga mpira alikuwa anaguna mpaka ndege wanahama ukutani. Tulimwita Ngurumo. Huyo hakuisha vituko.

"Mama Kwapa, leo nimetoka mazoezini moja kwa moja, sijaoga. Nihurumie."

"Nimhurumie nani, mwanangu, wewe au mimi? Inua tu. Pua yangu ilishastaafu zamani."

Chumba cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi viatu, na dirisha lake lilitazama ukuta wa nyuma wa klabu. Viwanja hatukuviona, tulivisikia. Mpira ukipigwa vizuri unatoa mlio wa kizibo kinachotoka kwenye chupa. Ukipigwa vibaya unatoa mlio wa kofi. Shangazi alikuwa akisimamisha mkasi katikati ya kitambaa, anasikiliza, anasema, "Huyo kachoka," kisha anaendelea kukata.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Niliacha shule darasa la tano ili nimwuguze baba, na baba alipofariki shangazi alikuja na begi tupu, akatia nguo zangu humo, akasema twende. Kwa hiyo mengine niliyoyaandika hapa nimesimuliwa, na mengine nimeyaona kwa macho yangu.

Niliyosimuliwa ni kwamba alianza kwa kushona kola. Alikuwa katika karakana ya sare za shule, na kazi yake ilikuwa kola tu, asubuhi mpaka jioni, kola za watoto asiowajua. Akaolewa na mwanamume aliyekuwa akichora mistari ya viwanja pale klabu. Mjomba alikuwa anarudi nyumbani viatu vimejaa chokaa, anaacha nyayo nyeupe mpaka jikoni, na shangazi anamfokea, "Hapa nako ni uwanjani?" Naye anajibu, "Mke wangu, nakuchorea njia usipotee."

Siku moja mjomba alileta gauni la mchezaji lililopasuka kwapani. Shangazi aliligeuzageuza, akaona kwamba si mshono uliokosa nguvu. Nguo ilikatwa vibaya tangu mwanzo: mtu akiinua mkono, gauni zima linapanda naye, au basi linapasuka. Akakata kipande kidogo chenye pembe nne, mfano wa kishada, akakipachika chini ya kwapa. Mchezaji yule alirudi mwenyewe akiwa amelivaa, akainua mkono pale mlangoni kama mtu anayesimamisha gari, akaushusha, akauinua tena. Akacheka. Kola zikaishia hapo.

Baada ya hapo shangazi akawa anakwenda kusimama kwenye uzio wa klabu, na hakutazama mpira. Alitazama mikono ya wanawake baada ya kila pigo. Huyu anavuta rinda nyuma, yule anapandisha kamba ya begani, mwingine anashusha kaptura ya ndani. "Mchezaji akivuta nguo yake mara ya pili," aliniambia, "ujue fundi ameshashindwa." Alirudi nyumbani akashona nguo isiyohitaji kuvutwa. Mfuko wa mpira wa akiba aliuficha ndani ya kaptura, akautilia lastiki ili mpira usicheze pajani. Na mchezaji akitoka kwenye mechi hakumwuliza kama ameshinda. Swali lake lilikuwa moja tu: "Imekukaa?"

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Mjomba alimpa raketi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Jioni viwanja vikiwa vitupu walicheza wawili, na mtoto alitumia mkono wa kushoto. Akiinua mkono ule kupiga mpira wa kwanza, mgongo wake ulikuwa unapinda mpaka watu wanashika midomo. Shangazi ndiye aliyempa jina la Upinde. Mjomba alipofariki, Upinde alikuwa bado anavaa sare za shule. Hakuacha kucheza. Nafikiri alikuwa anamtafuta baba yake kwenye ile mistari.

Nilipohamia kwao, dada Upinde alikuwa ameshakuwa mtu wa kutajwa. Watoto wa mtaani walimsindikiza mpaka ngazini. Kila msimu shangazi alimshonea gauni jipya, na kila msimu kabla ya kukata alimpima upya, raketi kuukuu mkononi, kama mteja yeyote.

"Mama, si una vipimo vyangu vya mwaka jana?"

"Vya mwaka jana ni vya mtu wa mwaka jana. Inua mkono."

Kisha ikaja siku ile. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikikunja vitambaa. Dada aliinua mkono, shangazi akapandisha futi, akafika kwenye kifundo. Akaishusha. Akaanza upya kutoka nyonga. Nikaona pini moja ikianguka kutoka mdomoni mwake, naye hakuiokota.

"Umepungua," alisema.

"Nimekonda kidogo. Mazoezi."

"Mtu hakondi urefu. Inua vizuri."

"Ndiyo nimeinua, mama."

Shangazi alisimama, akaweka kiganja kwenye bega la kushoto la mwanawe, kama unavyogusa sufuria kujua kama ina moto. Dada alifumba macho. Hakulia, ila jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Tangu lini?"

"Mama, tafadhali. Mashindano haya yakiisha nitapumzika. Nakuapia kwa kaburi la baba."

"Kaburi la baba yako liache lilale. Kocha anajua?"

"Akijua ataniondoa. Na nikiondolewa safari hii, sitaitwa tena. Unawajua." Akamshika mama yake mkono wenye futi. "Mama, hakuna aliyeona ila wewe. Ukinyamaza, hakuna atakayeona."

Shangazi alikaa kwenye kiti cha cherehani akiwa ameupa mgongo mlango. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanacheza, kizibo, kizibo, kofi. Mwishowe akasema, "Mkono unaomba likizo, mwanangu."

"Utapewa. Baada ya mashindano."

Naye akanyamaza, kama alivyoombwa. Zaidi ya kunyamaza, alishona. Kishada cha kushoto alikikata kipana zaidi, bega akalishusha kidogo, mkono wa gauni akauacha mwepesi uwe unaelea, ili mtu anayetazama asijue kama mkono umefika juu au umeishia njiani. Ni gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Kila mtu alisema hivyo. Kocha naye alisema, akalishika pindo, akalisifu, na alikuwa amesimama karibu na bega lile kuliko nilivyosimama mimi.

Lilimfikisha mbali lile gauni. Alishinda mechi moja, akashinda ya pili. Katika ya tatu tulikuwa tumekaa kwenye mbao za watazamaji, mimi na shangazi na Ngurumo, ambaye alikuwa ameshatolewa na sasa anatafuna kucha. Dada akarusha mpira juu. Akainua mkono. Mpira ulishuka peke yake, ukadunda mbele yake, na raketi ikaanguka nyuma yake. Watu walicheka kidogo, wakidhani imemponyoka. Shangazi alikuwa ameshasimama.

Hospitalini daktari alituonyesha picha ya bega, akaeleza kwa upole kwamba msuli ulikuwa umeanza kuchanika zamani, na sasa umekatika. Mkono ule hautapanda tena juu ya kifua. "Huyu hakutakiwa kushika raketi kwa miezi," alisema. "Hivi hakuna mtu aliyeona?"

Kocha alitikisa kichwa. Aliapa kwamba hakuona kitu.

Dada Upinde alikuwa amelala akitazama dari. Alisema, "Mama aliona."

Hakusema kwa hasira. Ningependa kuandika kwamba alipiga kelele, maana kelele hupita. Kocha alimgeukia shangazi. Shangazi alifungua mdomo, na nilijua alichotaka kusema, kwamba aliombwa, kwamba aliapiwa. Akaufunga. Tulipobaki wenyewe, dada alisema, "Najua nilikuomba, mama. Lakini mimi nilikuwa mtoto aliyetaka kucheza. Wewe ndiye ulikuwa mama."

Alipotoka hospitalini hakurudi nyumbani. Alipata kazi mji mwingine, kupokea simu katika ofisi ya wasafirishaji wa mizigo, simu anaibana kwa bega la kulia. Salamu alileta kupitia kwangu. "Mwambie mama nipo salama." Basi.

Shangazi hakuacha kushona, ila alibadilika. Tangu hapo mchezaji yeyote aliyepungua hata ukucha kwenye kipimo, shangazi alivua miwani, akashuka ngazi, akaenda klabu kumwambia kocha wake. Mwanzoni walimshukuru. Halafu wakaanza kumwogopa. Binti aliyesikia maumivu kidogo alikwenda kushonewa kwingine. "Futi ya Mama Kwapa ina mdomo," walisema. Ngurumo peke yake ndiye aliyebaki na utani wake. "Mimi niseme tu, Mama Kwapa. Kinachoniuma ni moyo, kuna kijana wa benki. Nenda kamwambie na kocha." Shangazi alitabasamu kwa mdomo tu.

Ndipo simu ikalia. Tulikuwa tunakula. Nilimwona shangazi akiweka kijiko chini kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mama, naolewa," dada alisema. Sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka nikaisikia. "Na sitaki kuvaa ya mtu mwingine. Nitakuja unipime."

Siku ya kuja, shangazi alifagia chumba mara mbili. Alifuta mguu wa cherehani ambao hakuna mtu anautazama. Akaishusha raketi kuukuu kutoka nyuma ya mlango, akaificha nyuma ya majora ya kitambaa, akarudi akaitazama kama inaonekana, akaisukuma ndani zaidi. Kisha akanigeukia.

"Sikiliza, mtoto wa kaka yangu. Leo neno mkono halitatajwa humu ndani."

"Hata wa gauni, shangazi?"

"Hata wa sufuria."

Dada aliingia akiwa amependeza, nywele amezikata. Mkono wa kushoto aliuweka kwenye mfuko wa koti, ungedhani ni mtindo. Walisalimiana kwa adabu nyingi kama wageni, wakaulizana habari za safari. Nilidhani itakuwa hivyo mpaka mwisho. Halafu shangazi akamzungushia futi kiunoni, akaguna.

"Eh. Huko kwenye simu wanakulisha."

"Si chakula, mama. Nimependwa."

"Umependwa mpaka nyongani?"

Dada akaangua kicheko, na shangazi akacheka, cheko lake la zamani la kupiga paja. Sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu, nikaangalia ukuta, nisije nikaliharibu. Wakaanza kuongea kwa pamoja. Dada akasimulia jinsi mchumba wake alivyojaribu kujifunza tenisi ili amfurahishe, akapiga mpira ukampata mwamuzi. Shangazi akasema mkwe wa namna hiyo afungiwe ndani. Alikuwa amepiga goti, pini mdomoni, futi ameibana kwenye nyonga ya mwanawe, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha. Alikuwa na furaha. Kwa sababu ya furaha hiyo, alisahau.

"Haya, inua mkono, Upinde," alisema. "Kama unapiga."

Nilisikia mipira ng'ambo ya ukuta. Nadhani ilikuwa inapigwa muda wote.

Shangazi aliganda pale pale chini. Pini zilimtoka mdomoni moja moja. Dada Upinde alitoa mkono wa kushoto mfukoni. Akauinua. Ulipanda polepole mpaka usawa wa kifua, ukakomea hapo, ukatetemeka, naye akaushikilia.

"Nimefika mwisho, mama," alisema. "Pima."

Futi ilianguka. Shangazi hakuweza. Alishika pindo la koti la mwanawe kwa vidole viwili na kuangalia sakafu. Dada alingoja kidogo, nadhani alingoja kwa kweli, kisha akaushusha mkono, akaurudisha mfukoni, akachukua mkoba wake. Alinishika kichwa alipopita. Tulihesabu viatu vyake ngazini mpaka vikaisha.

Nilidhani gauni limeishia hapo. Kesho yake nilimkuta shangazi amejifunga mkono wake wa kushoto kifuani kwa kipande cha kitambaa.

"Umeumia, shangazi?"

"Bado. Ndiyo najifunza."

Alikaa hivyo siku nyingi. Alipika amejifunga, alioga amejifunga, alimenya viazi kwa kuvibana na kiwiko mpaka vikamkimbia vikajificha chini ya meza. Zaidi ya yote, alivaa na kuvua. Alichukua magauni yake mwenyewe, moja baada ya jingine, akajaribu kuyavaa kwa mkono mmoja, na pale aliposhindwa alikaa kitandani akalia kidogo, akasimama, akajaribu tena. Fundi viatu alipanda kuuliza kama ni ugonjwa. "Ni kipimo," shangazi alimjibu, akafunga mlango.

Ndipo akashona. Gauni jeupe lisilo na mbwembwe, ubavu wa kushoto wote limefunguka kuanzia shingoni mpaka nyonga, likifungwa kwa ndoano ndogo zilizofichwa chini ya mshono, ambazo mkono wa kulia unazifikia bila kutafuta. Mtu analiingia kwa kusogea, kama anavyoingia mlangoni. Hakuna mahali gauni lile linapomwomba mwenye kulivaa ainue kitu. Na kishada hakukiweka. Alikikata, akakishika, akakitia mfukoni mwake.

Mimi ndiye niliyelipeleka. Dada alikuwa na chumba kimoja, kitanda kimetandikwa vizuri, dirisha linatazama maghala. Alilifungua, akakaa nalo magotini. Kisha akaniambia nigeuke.

Nilisikia ndoano moja, halafu nyingine. Hakuniita nimsaidie.

"Geuka."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa, amefunga mwenyewe mpaka juu. Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni na hakuyafuta.

"Nilikuwa nimeshamwomba wifi aje anivishe," alisema. "Nilikuwa naona aibu kumwonyesha." Alipapasa ubavu wa gauni. "Alijuaje? Hakunipima."

Nikamwambia kuhusu mkono uliofungwa, na viazi vilivyokimbia. Alicheka kwa nusu, nusu nyingine ikawa kitu kingine. Nilijaribu bahati yangu. Mimi si msemaji, lakini nilisema, "Dada, njoo umwambie mwenyewe kwamba imekukaa."

Alitikisa kichwa. "Mwambie wewe. Mwambie imenikaa kuliko zote."

"Na siku ya ndoa? Aje?"

Alipapasa ndoano ya juu mpaka nikajuta kuuliza.

"Mdogo wangu, simchukii. Usifikiri namchukia. Lakini nikimwona, bega hili linakumbuka. Siku ile nataka lisahau. Siku moja tu." Akashika uso wangu kwa mkono wa kulia. "Asije."

Niliporudi shangazi alikuwa amesimama juu ya ngazi.

"Imemkaa?"

"Imemkaa. Amesema imemkaa kuliko zote."

"Amelifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe, mpaka juu."

Aliegemea ukuta. Kwa muda alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama anauliza habari za mtu mwingine, "Na mimi, amesema nije?"

Nilitazama ngazi nilizopanda. Aliningoja, akaona jibu, akaitika kwa kichwa. "Sawa," alisema. "Sawa sawa. Ni siku yake." Akaingia ndani, akaitoa raketi kuukuu nyuma ya majora, akaifuta vumbi kwa upande wa ndani wa gauni lake, akaitundika mahali pake.

Siku ya ndoa hakufunga chumba. Alisema akikaa bure atakufa. Mchana alikuja binti mdogo, mchezaji mpya, mama yake amemwacha hapo chini kwa fundi viatu. Alikuwa mwembamba, na raketi alishaambiwa habari yake. Aliichukua mwenyewe nyuma ya mlango na kusimama katikati ya chumba. Shangazi alipiga goti. Alibana futi kwenye nyonga ya mtoto. Akafungua mdomo, na maneno hayakuja.

Binti alingoja. Kisha, kwa kuwa alishasikia kwa wenzake jinsi inavyofanywa, akainua mkono bila kuambiwa, akajinyoosha mpaka kisigino kikaacha sakafu. Mgongo wake ukapinda.

Shangazi alipandisha futi mbavuni, ikafika kwapani, ikakaa hapo. Alimtazama mtoto usoni, si mkononi.

"Unauma?"

"Hapana, mama."

"Niambie kweli, mwanangu. Hapa hakuna mtu wa kukufukuza."

"Kweli, hauumi."

"Basi ushushe," shangazi alisema, na akaupokea mkono ule mwembamba kwa mikono yake miwili, kama kitu alichoazimwa, akausindikiza mpaka chini. "Ushushe, mama. Taratibu. Leo inatosha."